Kubuni gemu la ubaoni kutoka daftari hadi boksi: tuweke vipimo na hesabu hapa

#1 Nahodha_wa_Meza

Salaam wakuu.

Kila baada ya siku chache anaibuka mtu na "nina wazo la gemu la ubaoni, nianzie wapi?", anajibiwa mistari miwili, uzi unazama. Huu tuufanye wa kudumu. Sharti ni moja: ukitoa ushauri, weka kipimo, idadi au hesabu. "Hakikisha linavutia" hapa hatuhesabu kama ushauri.

Ili tusiongee hewani, naweka gemu moja la mfano tulichanechane humu humu mpaka lisimame.

Gemu la majahazi. Wachezaji 2 hadi 4. Bandari ni Kilwa, Unguja, Tanga, Mombasa, Lamu na Maskati. Kila jahazi linabeba mizigo 5. Kwa zamu moja unasafiri hatua moja: Unguja hadi Lamu ni zamu 1, Lamu hadi Maskati zamu 1, Lamu hadi Mombasa zamu 1. Kununua na kuuza ni bure ukiwa bandarini. Karafuu inanunuliwa Unguja kwa 3 na kuuzwa Maskati kwa 8. Boriti zinanunuliwa Lamu kwa 2, zinauzwa Mombasa kwa 4 na Maskati kwa 7. Upepo unatoka kwenye rundo la karata 12, sita za kaskazi na sita za kusi, unafunua moja kila raundi. Kwenda Maskati unahitaji kusi, kurudi unahitaji kaskazi. Safari za pwani hazijali upepo. Mwenye fedha nyingi mwisho anashinda.

Toleo la kwanza lisikuchukue zaidi ya saa mbili. Karatasi moja ya manila ndiyo ubao. Vifungo vya nguo vya rangi nne ndiyo majahazi. Karafuu ziwe kunde, boriti ziwe njiti za kiberiti zilizokatwa nusu. Karata za upepo: chukua karata za zamani, bandika kipande cha karatasi juu, andika kwa kalamu. Fedha za karatasi achana nazo, kuhesabu noti kunakula muda. Chora mstari wa namba 0 hadi 99 kuzunguka ubao, kila mtu asogeze kifungo chake cha pili.

Usichore picha yoyote hatua hii. Ukishatumia siku tatu kupaka rangi bandari ya Lamu hutakubali kuifuta, hata ikionekana wazi kwamba inaharibu mchezo.

Karibuni mlichinje.

#2 Punje_ya_Kunde

Nimekaa siti ya dirishani. Endeleeni.

#3 Hesabu_Kwanza

Mkuu Nahodha, gemu lako limekufa kabla halijachezwa, na huhitaji mchezaji hata mmoja kulijua hilo. Fungua jedwali la kompyuta au daftari, weka safu nne: njia, faida ya shehena nzima, zamu zinazotumika, faida kwa zamu.

Karafuu tupu Unguja hadi Maskati: (8 − 3) × 5 = 25. Kwenda zamu 2, kurudi 2. 25 ÷ 4 = 6.25.
Boriti Lamu hadi Mombasa: (4 − 2) × 5 = 10. Zamu 2. 10 ÷ 2 = 5.

Kati ya hizo mbili moja ni bora daima, kwa hiyo anayechagua kati yake atabeba karafuu tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Anayeshinda ni aliyebahatika na karata za upepo. Hakuna uamuzi wowote mezani.

Dawa ya kwanza: bei ishuke. Kila mzigo mmoja ukiuzwa Maskati, bei ya bidhaa hiyo inashuka 1. Sasa karafuu tano zinauzwa 8+7+6+5+4 = 30, toa mtaji 15, faida 15. Gawa kwa 4: 3.75. Mombasa imeipita. Lakini changanya shehena, karafuu 3 na boriti 2 (Lamu uko njiani): karafuu 8+7+6 = 21, toa 9, inabaki 12. Boriti 7+6 = 13, toa 4, inabaki 9. Jumla 21, kwa zamu ni 5.25. Sheria moja tu ya bei imezaa shehena ya mchanganyiko, na anayefika wa pili anakuta bei zimeporomoka. Hapo watu wanaanza kuchungulia majahazi ya wenzao, na ndicho tunachokitaka.

Weka na shehena ya kurudia: tende, Maskati kwa 2, Unguja kwa 5, nayo ishuke 1 kwa kila mzigo. Tatu za kwanza 5+4+3 = 12, toa 6, faida 6. Ya nne inauzwa 2, haina faida. Jumla ya safari ni 27, kwa zamu 6.75.

#4 Bi_Tangambili

Hesabu nzuri, ila kuna mahali imeteleza, na kosa linaanzia kwa Nahodha.

Pwani upepo si bahati nasibu. Kaskazi inajulikana inavuma miezi gani, Desemba hadi Machi hivi. Kusi inaingia Aprili. Katikati kuna tangambili, upepo haueleweki. Nahodha wa jahazi alipanga mwaka mzima kwa kalenda hiyo. Wewe umeichukua ukaichanga kama karata za turufu. Matokeo yake mchezaji hawezi kupanga chochote: anapakia, anasubiri karata, inakuja mbaya, anasubiri tena. Ukiondoa picha za majahazi huo ni mchezo wa kurusha shilingi.

Weka mstari wa majira badala ya rundo. Nafasi 12: kusi 5, tangambili 1, kaskazi 5, tangambili 1. Alama inasogea nafasi moja kila raundi, wote wanaiona. Kisichojulikana kiwe kimoja tu: urefu wa tangambili. Ikifika hapo rusha dadu, 1 hadi 3 inakaa raundi moja, 4 hadi 6 inakaa mbili.

Sasa turudi kwenye hesabu. Safari ya zamu 4 haipo tena. Bora kabisa ni kupanda kwenye kusi mbili za mwisho, kulala Maskati tangambili moja, kushuka kwenye kaskazi mbili za mwanzo: zamu 5. 27 ÷ 5 = 5.4. Tangambili ikikaa raundi mbili, 27 ÷ 6 = 4.5. Dadu inagawa nusu kwa nusu, wastani ni 4.95, na yule wa boriti za Mombasa anapata 5 bila jasho. Maskati haendi mtu.

#5 Hesabu_Kwanza

Shikamoo Bi Tangambili. Hapo nimekamatwa.

Basi pandisha bei za kuanzia Maskati kwa 1: karafuu 9, boriti 8. Karafuu 9+8+7 = 24, toa 9, ni 15. Boriti 8+7 = 15, toa 4, ni 11. Na tende 6. Jumla 32. Kwa zamu 5 ni 6.4, zamu 6 ni 5.33, ukichelewa zaidi ukatumia 7 ni 4.57. Yaani ukipanga vizuri unaizidi Mombasa, ukizembea zamu mbili inakuzidi. Na hizo ni za aliyefika wa kwanza tu.

Wanaoanza washike hili: badilisha namba moja, fanya hesabu upya, ndipo uguse nyingine. Ukibadilisha bei, uwezo wa jahazi na urefu wa majira kwa mkupuo, gemu likiharibika hujui nani kaharibu.

#6 Gari_la_Mwisho

Samahani wakuu, mbona majahazi hayarushi dadu kusogea? Watu wa huku wamezoea ludo. Gemu bila dadu watalikimbia.

#7 Hesabu_Kwanza

Dadu haina ubaya. Ubaya ni dadu kukuzuia kucheza. Chukua ludo hiyo hiyo: hutoki mpaka sita. Uwezekano wa kukosa sita kwa mrusho mmoja ni 5/6. Kukosa mara 4 mfululizo ni 48 kwa 100. Kukosa mara 10 mfululizo ni 16 kwa 100. Mezani mko wanne: uwezekano kwamba angalau mmoja wenu atakaa zamu 10 nzima bila kutoka ni nusu kwa nusu. Nusu ya michezo yote ina mtu anayetazama wenzake wakicheza!

Dawa mbili. Ruhusu kutoka kwa 1 au 6: kukosa mara 10 kunashuka hadi chini ya 2 kwa 100. Au asiye na kete hata moja nje arushe mara tatu kwa zamu, kama wanavyofanya Wajerumani kwenye ndugu wa ludo, Mensch ärgere Dich nicht: kukosa zamu nne mfululizo kunatoka 48 hadi 11 kwa 100.

Ukitumia dadu mbili na kujumlisha, kumbuka matokeo hayalingani. Kuna njia 36. Saba ina njia 6, sita na nane zina 5 kila moja, mbili na kumi na mbili zina 1 kila moja. Catan, gemu maarufu la ubaoni, imejengwa juu ya hilo: 6 na 8 zimepakwa nyekundu ili mchezaji aone mwenyewe wapi kuna mavuno. Anayebuni gemu lenye nafasi 11 za "2 hadi 12" na kuzipa zawadi sawa, amezizika nafasi za pembeni. Tovuti ya AnyDice inakuchorea uwezekano wa dadu zozote bure.

#8 Kete64

Naongezea kutoka kwenye bao, kwa sababu watu wanatafuta mafunzo ng'ambo na ubao uko barazani.

Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni (6 kwenye shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani yake) na 22 mkononi. Kwenye namua, awamu ya kwanza, kila zamu unaingiza kete moja. Hapo kuna saa iliyofichwa: namua haiwezi kuzidi zamu 22 kwa kila mtu. Hakuna aliyehitaji kuandika "awamu ya kwanza inaisha baada ya…". Kete zikiisha mkononi mmeingia mtaji, awamu ya pili. Mbunifu akitaka awamu iishe yenyewe, aifunge kwenye kitu kinachopungua mikononi mwa watu.

La pili: bao la kujifunza linatumia ubao ule ule na kete zile zile, ila mnaanza na mbili mbili kila shimo, hakuna namua. Mgeni anajifunza kutakata (kusambaza kete bila kula) kwanza. Gemu lako likiwa na sheria 14, tafuta 8 zinazosimama zenyewe, hizo ndizo mchezo wa mara ya kwanza.

#9 Nahodha_wa_Meza

Nimepokea yote. Sasa muda. Miaka miwili ya nafasi 12 ni raundi 24 × watu 4 × dakika 1 = dakika 96. Ndefu mno kwa gemu la kubeba mizigo. Nafupisha mwaka uwe nafasi 8: kusi 3, tangambili 1, kaskazi 3, tangambili 1. Miaka miwili ni raundi 16, ukiacha zile ambazo dadu ya tangambili inaongeza. Zamu ikiwa sekunde 45: 16 × 4 × 45 = dakika 48. Safari ya Maskati bado ni zamu 5, hesabu ya Bi Tangambili haijaguswa. Na faida ikiwa kama 6 kwa zamu, 16 × 6 = 96, mstari wangu wa 0 hadi 99 unakaribia kutosha. Atakayepita 99 anazunguka, anapewa kipande chenye "100".

Tazama pia muda wa kungoja, si jumla tu. Wanne kwa sekunde 45, unangoja dakika 2 na robo. Ikizidi tatu watu wanatoa simu. Ukiona simu, usiwalaumu. Kata kitu kwenye zamu.

#10 Mpima_Meza

Majaribio. Watu wengi hulikosea hili kuliko hesabu.

Awamu ya kwanza cheza peke yako, viti vyote vinne, mara 5 hivi. Unatafuta sheria zinazogongana tu. Awamu ya pili cheza na watu, wewe ukiwepo na ukieleza, mara 10 hadi 15. Awamu ya tatu wape boksi na karatasi ya sheria, ukae kimya. Kimya kabisa. Wakikosea sheria usiwarekebishe, andika wamekosea sheria ipi. Sheria iliyokosewa na meza mbili tofauti haijaandikwa vizuri, hata kama kwako ni wazi kama mchana.

Karatasi ya kumbukumbu iwe na: tarehe, toleo namba ngapi, idadi ya wachezaji, muda kutoka zamu ya kwanza hadi mwisho, muda wa kueleza sheria (pima kando), alama za kila mtu, nani alianza, raundi ambayo mtu wa kwanza alisema "huyu keshashinda". Safu hiyo ya mwisho ni dhahabu. Ikitamkwa raundi ya 7 kati ya 16, raundi 9 zilizobaki ni adhabu.

Usiulize "mmelipenda?". Huku kwetu watu wana adabu, watasema zuri sana. Uliza: ulikwama wapi? Zamu gani hukuwa na la kufanya? Sheria gani ungeifuta?

Kuhusu anayeanza kupendelewa: wachezaji wanne, michezo 20, unategemea wa kwanza ashinde mara 5. Akishinda 8 usipaniki, hilo hutokea kwa bahati tu mara 1 kati ya 10 hivi. Akishinda 10, bahati peke yake huleta hivyo kama mara 1 kati ya 70. Hapo rekebisha: wa pili aanze na fedha 1 zaidi, wa tatu 2, wa nne 3, halafu pima upya.

#11 Punje_ya_Kunde

Hiyo ya "watasema zuri sana" 😂 kweli tupu.

#12 Fundi_Makasha

Nimeona mnakaribia uchapaji, ngoja niweke vipimo kabla watu hawajaenda kuunguza hela.

Karata ya kawaida ni mm 63 × 88. Kila upande wa karata ongeza mm 3 za rangi ya ziada inayokatwa, kwa hiyo faili ni mm 69 × 94. Kwa dpi 300 (nukta kwa inchi) hiyo ni pikseli 815 × 1110. Maandishi na alama zikae mm 3 hadi 4 ndani ya mstari wa kukatia.

Kwenye A4 watu wanapanga karata 9, tatu kwa tatu. Bila ziada zinaingia vizuri: 189 × 264. Ukiweka ziada zinakuwa 207 × 282, na A4 ina upana wa 210. Imebaki mm 1.5 kila upande, wakati printa nyingi hazichapi mm 4 au 5 za ukingoni. Safu za pembeni zinakatwa. Zilaze: mbili kwa upana (188), nne kwa urefu (276), karata 8 kwa karatasi, ukingo wa mm 10 na zaidi.

Ukienda kwenye mashine kubwa waulize kama wana SRA3, mm 320 × 450. Zikilazwa ni tatu kwa sita, 282 × 414, karata 18. Kwa hiyo karata 54 ni karatasi tatu kamili. Ukibuni karata 56 umelipia karatasi ya nne kwa ajili ya karata mbili. Viwanda vya karata navyo hupanga 54 au 55 kwa karatasi moja kubwa, ndiyo maana magemu mengi yana 54/55 au 108/110. Punguza mbili, hakuna atakayezililia.

Uzito wa karatasi kwa mita ya mraba: majaribio, gramu 80 ndani ya kifuko cha plastiki na karata ya kawaida nyuma yake. Toleo la kuuza, gramu 300 hadi 350. Chini ya 250 ukiinua kwenye taa unaona upande wa pili.

Mgongo wa karata: printa ikichapa pande mbili huhama mm 1 au 2. Ukiweka fremu nyeupe nyembamba mgongoni, karata moja itakuwa na mm 1 kushoto na 3 kulia, na wachezaji watazitambua wakiwa wamezifunga. Aidha mchoro ufike hadi ukingoni bila fremu, au fremu iwe mm 5.

Rangi: peleka faili la CMYK (rangi nne za wino wa mashine). Buluu kali na kijani cha kung'aa unachokiona kwenye skrini ni cha mwanga, wino hauna. Chapa karatasi moja ya jaribio kwenye mashine ile ile na karatasi ile ile, uilipie. Ni rahisi kuliko kutupa 300.

#13 Gari_la_Mwisho

Mkuu Fundi, kwani tukizifanyia lamineshini haziwi imara zaidi?

#14 Fundi_Makasha

Zitadumu, ila hazitachangika. Plastiki ya maikroni 75 juu na chini inaongeza mm 0.15 kwa karata. Mara 54 ni mm 8 zaidi, rundo linakaribia nusu mara nyingine ya unene wake. Zinateleza, halafu ukikata sawasawa na karatasi plastiki inaachana ukingoni ndani ya wiki chache. Lamineshini weka kwenye karatasi ya msaada wa mchezaji, ile inayokaa mezani. Karata omba upako wa mati (usiong'aa) mashineni.

#15 Bi_Tangambili

Kuhusu rangi mezani niongeze moja. Wapo wanaume ambao nyekundu na kijani kwao ni ndugu. Na usiku kwenye taa ya manjano, njano na nyeupe zinafanana kwa kila mtu. Majahazi manne yatofautiane na umbo la tanga au alama pia, si rangi tu. Jaribio la bure: piga picha ubao, iondolee rangi kwenye simu. Usichokiona hapo kuna mwenzio hakioni daima.

#16 Mhariri_wa_Kanuni

Sheria za gemu kwa Kiswahili zina mitego yake, na kutafsiri kitabu cha gemu la nje neno kwa neno ndiko kunakoleta ugomvi mezani.

"Yake." Mfano: "Mchezaji anachukua mzigo wa mwenzake na kuuweka kwenye jahazi lake." La nani? Mwandikie mchezaji kwa "wewe": "Chukua mzigo mmoja kwenye jahazi la mpinzani, uweke kwenye jahazi lako." Ugomvi umekwisha, na sentensi imenyooka.

"Zaidi ya 7." Nusu ya meza itahesabu 7 ndani. Andika "8 au zaidi". Vivyo hivyo "chini ya 3" iwe "2 au pungufu".

"Unaweza" na "lazima". Kila kitenzi kwenye zamu kijulikane ni cha hiari au cha shuruti. "Mchezaji anauza mizigo" hakisemi lolote kati ya hayo.

Jina moja kwa kitu kimoja. Amua mapema: zamu ni ya mtu mmoja, raundi ni pale wote wamecheza. Karata zinachangwa, zinagawiwa, zinafunuliwa. Usiandike karata ukurasa wa 1 na kadi ukurasa wa 3, mgeni atadhani ni vitu viwili. "Kete" kwenye bao na drafti haina shida, ila kwenye tangazo la kuuza fikiria mara mbili. Magazetini neno hilo limeshatekwa na habari za dawa za kulevya.

Mpangilio: lengo kwa sentensi moja, vilivyomo na idadi, kupanga meza kwa picha, zamu hatua kwa hatua, mwisho wa mchezo, kuvunja sare. Sare huwa inasahauliwa. Kwenye majahazi: wakilingana fedha, ashinde mwenye mizigo mingi melini, wakilingana tena, washinde wote. Maandishi yasipungue pointi 9.

#17 Kete64

Melini mkuu? Jahazini 😄

#18 Mhariri_wa_Kanuni

Ndiyo hayo hayo niliyokuwa nayakemea. Jahazini.

#19 Mpima_Meza

Vifaa vya kompyuta, kwa ufupi.

Karata nyingi: nanDECK, ya bure, ya Windows. Unaandika data kwenye jedwali, mstari mmoja karata moja, halafu jina la safu unaliweka kwenye mabano ya mraba ndani ya maelekezo. Ukibadilisha bei kwenye jedwali, karata zote zinajichora upya. Sura yake ya kizamani isikutishe. Ubao na alama: Inkscape. Kitabu cha sheria: Scribus, inatoa CMYK. Alama ndogo: game-icons.net, zipo maelfu, leseni ya CC BY 3.0, maana yake unatumia hata kwa biashara ila lazima uwataje wachoraji kwenye kitabu cha sheria. Kujaribu na mtu aliye mbali: Screentop kwenye kivinjari, au Tabletop Simulator ya kulipia. BoardGameGeek ina jukwaa la wabunifu na mashindano ya magemu ya kujichapia, mengine yanabana hadi karata 18 tu. Hilo ni zoezi zuri kuliko kozi.

The Game Crafter wa Marekani wanachapa hata nakala moja. Ila kabla hujaagiza, weka nauli ya kufikisha na ushuru kwenye jedwali lile lile la gharama. Kwa boksi zito la vipande vya mbao, nauli inaweza kuzidi bei ya gemu. Karata 54 ni habari nyingine.

#20 Wakili_wa_Baraza

Swali ambalo halijaulizwa na litaulizwa: nitaibiwa wazo?

Hakimiliki hailindi wazo wala namna ya kucheza. Inalinda ulivyoliandika na ulivyolichora: maandishi ya sheria, michoro, ubao. Mtu anaweza kutoa gemu la majahazi lenye bei zinazoshuka, hawezi kunakili kitabu chako. Tanzania Bara kazi inasajiliwa COSOTA, Zanzibar COSOZA, Kenya KECOBO. Jina na nembo ni alama ya biashara: BRELA kwa Bara, BPRA kwa Zanzibar, KIPI kwa Kenya. Usajili wa Bara haukulindi Zanzibar, watu wengi huliruka hilo.

Na upande wa pili: usichukue jina la gemu maarufu ukaongeza "la Kibongo" mbele. Mchezo unaofanana si kosa, jina ndilo litakalokuletea barua.

Kumwonyesha mchapaji au mjaribu gemu lako huku umemsainisha karatasi ya siri ni kupoteza muda. Shida ya mbunifu mpya ni kukosa wa kucheza naye. Wezi wako mbali sana.

#21 Punje_ya_Kunde

Fundi Makasha, moja la mwisho. Ubao wa A3 uliobandikwa juu ya ubao wa kijivu wa mm 2, vipande viwili vya A4, unakunjika katikati. Tatizo ni mawili: umejikunja kama chapati, na haufungi hadi mwisho. Gundi ni ile nyeupe ya mbao.

#22 Fundi_Makasha

Kujikunja: gundi ya maji inaivimbisha karatasi, ikikauka inajivuta na kuuvuta ubao kuelekea upande uliobandikwa. Bandika karatasi ya uzito ule ule nyuma, siku hiyo hiyo, nyuzi za karatasi zielekee upande mmoja na za mbele. Gundi iwe nyembamba, ipake kwa kipande cha kadi, usiimimine. Kisha weka chini ya vitabu vizito saa 24, karatasi ya nailoni katikati isigande.

Kutofunga: umeziba mkunjo kwa nyuma. Ubao ukifungwa picha ndani, mgongo unahitaji kurefuka mm 4, yaani unene wa vipande viwili, na karatasi hairefuki. Mbele karatasi ipite kipande kimoja, na kati ya mbao mbili acha mm 1. Nyuma bandika vipande viwili tofauti, kila nusu na chake, pasiwe na kinachovuka mkunjo. Huo uliokwisha bandikwa pitisha wembe na rula ya chuma nyuma, katikati ya mkunjo, karatasi tu usifike mbele. Utafunga.

#23 Punje_ya_Kunde

Umefunga. Chapati bado ipo kidogo.

#24 Fundi_Makasha

Bandika nyuma, nusu kwa nusu, uulaze usiku mzima.